Udongo Uliopewa Kiti

Sijawahi kuona udongo ukiheshimiwa kuliko binadamu, isipokuwa miaka ile ya tisini nilipokuwa bwana shamba Kasulu. Alitujia mtaalamu kutoka Ulaya, mwenye Kiswahili cha vitabuni, akitaka kujua maji ya mvua yanapitaje kwenye vitundu vidogo vya udongo. Kwao kulikuwa na mashine yenye sumaku kubwa, ya jamii ile inayopiga picha za ubongo hospitalini. Angeingiza udongo wetu humo, ayaone maji yakitembea. Mkuu wangu wa kazi alivaa tai wiki nzima, utadhani sumaku yenyewe inakuja kumkagua.

Shambani Nyakitonto nilimwambia mgeni, "Udongo huu ni mwekundu kwa sababu ya chuma. Hautaivuruga sumaku?"

"Mashine yetu ni ya kisasa," alijibu, akitabasamu kama anayembembeleza mtoto.

Akashindilia mabomba ya plastiki ardhini, akayatoa yamejaa, akayaviringishia sponji na kuyalaza kwenye kiti cha nyuma cha Landrova. Tulipokuwa tunaondoka, mwenye shamba, mama wa asili ya Burundi, akaja amemshika mkono binti yake aliyekuwa na uchungu wa kujifungua.

"Bwana shamba, tusaidie tufike hospitali."

Mgeni akayatazama mabomba yake. "Haiwezekani. Yakibanwa, vitundu vitaharibika."

Nilimgeukia mkuu wangu, aliyekuwa amefuatana nasi. Alikuwa ameinama, anakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Basi yapakate mwenyewe," nikamwambia mgeni. Nikamrundikia mabomba mapajani, nikawapandisha mama na binti, mimi nikabaki shambani. Dereva alinisimulia baadaye kwamba kila walipopita kwenye shimo mzungu alipiga yowe, na hakuwa akimhurumia mzazi. Binti alijifungua salama, mtoto wa kike.

Mwaka uliofuata mgeni akarudi na picha zake. Nyeusi tii.

"Chuma kimeivuruga sumaku," akatutangazia ofisini, kifua mbele.

"Huu ni ugunduzi!" akasema mkuu wangu, akapiga makofi. Hakuna aliyenitupia jicho.

"Sasa tunahitaji udongo usio na chuma," mgeni akaendelea. "Bwana shamba atatuonyesha."

"Bwana shamba ana kazi," nikasema.

Nikachukua baiskeli nikaenda kuchimba makinga maji na wakulima kabla mvua hazijaanza. Wao wakapanda gari kwenda kutafuta mchanga mweupe.