Mtoto wa Jalalani

Mgeni akiingia kwetu Picha ya Ndege, Kibaha, na kunisifu, mama alikuwa na jibu tayari.

"Mashallah, binti yako amekua. Ana sura nzuri."

"Sura gani? Msubiri acheke ndiyo utaijua."

Hakuinua hata kichwa kwenye cherehani yake. Mgeni alicheka, mama akaendelea kukanyaga, na mimi nikaleta maji ya kunywa huku nimebana midomo.

Nilipokuwa mdogo nilicheka pamoja nao. Nilidhani ni mchezo wetu wawili, mimi na mama, na kwamba anayechezewa ni mgeni. Nilipofika miaka kumi na tatu mchezo ukanigeuka. Miguu ilirefuka ikauacha mwili, chunusi zikajaa kwenye paji la uso, na meno mawili ya mbele yakapandana kama watu wanaogombea mlango. Nikawa nasimama mbele ya kioo cha kabati nikitafuta kile anachokiona mama. Anayetafuta kasoro usoni mwake hatoki mikono mitupu. Nilizipata zote, na zile ambazo hazikuwepo nikaziongeza mwenyewe.

Sikuwa napigwa. Niliseme hilo mapema, maana watu wakisikia mtu analalamikia malezi yake huuliza kwanza kama alichapwa. Mama hakuwa mtu wa fimbo. Sare yangu aliishona mshono wa mara mbili, ikachakaa bila kuachia. Tukila sinia moja na ndugu waliotutembelea, kipande cha nyama kilichonona nilikikuta upande wangu, kimefukiwa chini ya wali. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Akiwa nyumbani alilala, akiamka aliondoka. Nyumba ilikuwa ya mama, na maneno ya nyumba yalikuwa ya mama.

Ng'ambo ya ua wa minyaa walikaa watu wa bara. Mama wa nyumba ile alikuwa muuguzi hospitalini Tumbi, na Jumapili walitoka wote kwenda kanisani, viatu vinang'aa. Binti yao tulilingana umri na tulisoma darasa moja. Yule mtoto alisifiwa kwa kila kitu. Akifunga geti, hongera. Akimaliza uji, hongera malkia wangu. Mama yangu akisikia alisonya. "Wanamtia mtoto jicho wenyewe," alisema, au siku nyingine, "mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

Mimi nilikuwa nafagia upande wa minyaa kuliko upande mwingine wowote wa uwanja. Ulikuwa safi kupita kiasi. Nilikuwa nadokoa sifa za mtoto wa jirani, nazisikiliza kwa jina lake kisha naziwekea jina langu. Binti wa muuguzi hakunizidi akili, na wala hakunidharau. Alinizidi kutembea tu. Alipita barabarani kama mtu aliyealikwa, na mimi nilipita pembeni yake kama niliyemsindikiza.

Tulipokuwa darasa la saba, mwalimu wetu alinichagua mimi kusoma risala ya wahitimu siku ya mahafali. Risala kwa mgeni rasmi si jambo dogo. Mtoto mmoja kati ya wote anasimama mbele ya wazazi, walimu na wakubwa wa wilaya, anazungumza kwa niaba ya wenzake, na wote wanamsikiliza. Nilirudi nyumbani siku ile nikikimbia. Sikumwambia mama, niliogopa. Nilikwenda nyuma ya choo nikaanza kujizoeza, "Ndugu mgeni rasmi," kwa sauti ya chini, kuku wakinitazama. Na sauti yangu ilikuwa nzuri. Niliisikia mwenyewe.

Jioni mwalimu akapita kuleta gauni lake kwa mama lipunguzwe. Barazani walikuwepo wateja wengine wawili na yule muuguzi.

"Mama, hongera," mwalimu akasema. "Binti yako ndiye atakayetusomea risala. Ana sauti, huyu."

Nilikuwa mlangoni. Nilimwona mama akisimamisha mguu kwenye cherehani, na kwa muda mfupi nikadhani safari hii itakuwa tofauti.

"Huyu? Sauti yake kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mtafute mtoto wa watu, mwalimu, msije mkaaibika."

Barazani wakacheka, isipokuwa muuguzi. Asubuhi yake nilimfuata mwalimu ofisini nikamwambia siwezi. Alinibembeleza kidogo, akaona nalia, akaniacha. Risala ikaenda kwa binti wa muuguzi.

Siku ya mahafali mama alivaa gauni jipya alilojishonea, la kitenge cha rangi ya machungwa ambacho alikuwa amekificha sandukuni tangu Idi. Aliwahi kuliko wazazi wengi, akakaa mstari wa mbele. Mshereheshaji alipotangaza risala, nilimwona akinyoosha shingo kunitafuta. Binti wa jirani ndiye aliyesimama. Alisoma vizuri, sina la kusema. Mama yake alipiga vigelegele mpaka mtandio ukamdondoka. Mama yangu alitazama mikono yake.

Njiani tukirudi aliniuliza, "Mbona kasoma yule?"

"Ulisema siwezi."

Akasimama katikati ya njia, vumbi la pikipiki likatupitia. "Mimi nilikuwa nasema na mwalimu," akasema. "Sikuwa nasema na wewe."

Sikumwelewa. Nilimwona mtu mwenye uso mkavu kuliko watu wote, na nikamchukia mpaka tukafika nyumbani.

Likizo ile ndefu ya kusubiri matokeo nilipelekwa Kisarawe kwa bibi, mzaa mama. Ilikuwa msimu wa korosho. Kutwa nzima tulikaa chini tukitenganisha korosho na mabibo, mikono inanata, nyuki wanatuzunguka, na harufu ya mabibo yaliyoiva kupita kiasi inaingia mpaka kwenye nguo za kulalia. Bibi aliniita mke mwenzake, kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Shikamoo bibi," namwambia asubuhi. "Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuninyang'anya mzee wangu?" Babu alikuwa amekwisha kufa zamani, lakini utani haukufa naye.

Siku moja walikuja wageni, nami nikajificha jikoni kama kawaida yangu. Mama mdogo, yule anayemfuata mama kuzaliwa, akasema kwa sauti kubwa, "Mwacheni huyo. Si aliokotwa jalalani?" Wakacheka wote, kicheko cha watu wanaojua habari ambayo mimi siijui.

 Nikasema moyoni, basi, ndiyo hiyo. Mimi si wao. Kila kitu kikapata maelezo yake, na wala sikulia, kwa sababu nilikuwa kama mtu aliyekuwa anasubiri habari hiyo muda mrefu.

Asubuhi nikamuuliza bibi. Hakucheka. Alinishika mkono tukaenda nyuma ya jiko, kwenye shimo la taka karibu na migomba.

"Hapa," akasema. "Mama yako amezaa watatu. Wawili wako kule." Akaonyesha kwa kidevu upande wa mikorosho, ambako niliwahi kuona vijilima viwili vidogo bila kuuliza. "Wa kwanza alikuwa mnene, kila aliyeingia alimsifu. Hakufika kutembea. Wa pili vilevile. Na mama yako alikuwa anawasifu mwenyewe, anawaimbia, anawaonyesha watu. Ulipozaliwa wewe tukasema, huyu tusimwachie jicho. Tukakuweka hapa, kwenye ungo mbovu. Jirani akapita, akakuokota, akauliza kwa sauti, nani kaacha takataka zake? Mama yako akakununua kwake kwa kibaba cha chumvi. Wewe ni mtoto wa chumvi, mke mwenzangu."

"Kwa hiyo mama ni mama yangu?"

"Sasa nani mwingine mwenye meno hayo?"

Hapo nikacheka, nikalia, vyote kwa pamoja. Bibi akaendelea. Mama aliambiwa na wazee asinisifu mbele za watu mpaka nikue. Mtu akinisifu, anikandie, ili anayesikia asitamani.

"Mpaka nikue lini?" nikauliza.

Bibi alifikiri, akafuta mikono kwenye khanga. "Hilo," akasema, "hakuna aliyemwambia."

Ningependa kusema kwamba nilipona siku ile. Nilirudi Kibaha nikiwa najua, na kwa miezi kadhaa nilimtazama mama kwa jicho jingine. Nilipokuta nyama chini ya wali nilijua ni nini. Lakini mgeni alipokuja na mama akasema lile la sura yangu, nilibana midomo vilevile. Kichwa kilikuwa kimeelewa. Mwili ulikuwa na miaka yake ya kusikia, na haukuwa tayari kuhojiana na kichwa.

Sasa mimi ni mtu mzima. Nafanya kazi Kwala, kwenye ofisi moja ya bandari kavu, na nimepanga vyumba viwili Picha ya Ndege, si mbali na nyumba yetu ya zamani. Mkuu wangu wa kazi akisema mbele ya wenzangu, "Hapa umefanya vizuri," nageuka kutazama nyuma yangu nione anamwambia nani. Wenzangu wanadhani ni utani wangu, wanacheka. Mwanamume mmoja alinipenda, akaniambia mimi ni mzuri. Nilimuuliza mara nyingi sana anataka nini hasa, mpaka akachoka, akaenda zake. Jioni nafungua mlango, nawasha redio ili kuwe na mtu anayezungumza.

Baba alifariki. Bibi naye. Mama alirudi Kisarawe kuangalia shamba, na mimi naenda kumwona Jumamosi nisipokuwa na zamu. Majuzi nilimkuta na mgeni, mama mmoja wa kijijini, ambaye alinitazama juu mpaka chini akasema, "Mashallah, una mtoto wa maana wewe."

Mama ana mvi sasa, na macho yake yameingia ukungu, lakini jibu halikuchelewa. "Huyu? Hata chai hajui kupika."

Mgeni alipoondoka nilibaki nimesimama na kikombe mkononi. Sikuwa nimepanga kusema kitu. Nilisikia tu sauti yangu, ile ile iliyokuwa inajizoeza nyuma ya choo.

"Mama, nimeshakua."

Akanitazama.   Aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda dirishani akachungulia uani, akaona kuku tu na mikorosho. Akashusha pazia. Kisha akaenda mlangoni, akaufunga, akasukuma komeo, akarudi kukaa kitandani mbele yangu.

"Nina mtoto mzuri," akasema polepole. "Tangu siku ile ya chumvi, nina mtoto mzuri."

Nikageuka nyuma kutazama anamwambia nani. Palikuwa na mlango, na komeo alilolifunga mwenyewe.