Mama Alitaka Kuitwa Dada

Mohoro nzima humwita mama yangu Mhindi. Anauza maandazi na chai ya maziwa, msibani anakwenda na kapu la unga kama wenzake, Kindengereko anakisema mpaka wazee wanacheka, lakini ni Mhindi. Nywele zake zinalala, na baba yake alikuwa Baniani mwenye duka, basi, imetosha. Naye jina hilo amelivaa kwa raha zake. Siku India walipofikisha chombo chao mwezini, alitoka barazani akatangaza, "Tumefika!" Mwenyekiti wa kijiji akampa hongera, akauliza na barabara ya Mohoro je, wataifikia lini? Mama akacheka, ila kutwa nzima alikuwa na fahari kama aliyeoza binti.

Mimi sijui kuwa Mhindi, wala sijui kutokuwa. Nauza kanga na vitenge Kibiti. Wateja wapya huniuliza kwetu wapi, nikisema Mohoro wanauliza tena, "Hapana, kwenu kabisa?" Zamani ilinichoma. Siku hizi nawauliza wanataka doti ngapi.

Babu alikuwa na mke na mtoto wa kiume huko kwao India. Huku alikuwa na bibi yangu, Mndengereko, akamjengea nyumba ya uani nyuma ya duka, na humo ndimo alimozaliwa mama. Dukani alikuwa Baniani. Uani alikuwa baba. Biashara ilipoharibika akasema anakwenda kwao mara moja, atarudi. Hakurudi. Mama alikuwa bado msichana mdogo, na sijawahi kumsikia akitaka mali wala nauli ya kwenda kokote. Alichotaka, na alikisema waziwazi tangu nipate akili zangu, ni yule kaka yake aje siku moja amwite dada. Mara moja tu, mbele za watu.

Mwaka huu akaja. Mwenyekiti alinipigia simu kwamba kuna mzee wa India na binti yake wanataka kuona duka la baba wa huyo mzee, na kwamba Kiingereza changu kinahitajika. Nilifunga biashara, nikapita Ikwiriri na daraja la Mto Rufiji, nikashuka njia panda nikapanda bodaboda mpaka nyumbani.

Nilimkuta mama jikoni, na jasho lake. Alikuwa amepika wali wa mchele wa Chumbi, kambale mkavu kwa nazi, na kamba waliotoka huko visiwani.

"Mama, hawa Mabaniani. Hawali nyama."

"Nimepika nyama mie?" Alinitazama kama nimeugua. "Hawa si samaki? Baba yangu alikuwa akimla kambale huyu mpaka miba anainyonya. Mtoto wake si atamjua?"

Kwetu sisi nyama ni nyama na samaki ni samaki, na hakuna mtu Rufiji nzima ambaye angeniunga mkono. Isitoshe, nilijua alichokuwa anakifanya. Hakuwa na picha ya baba yake wala kitu chake chochote cha kumwonyesha mgeni. Alikuwa na mapishi aliyoyapenda baba. Nikaketi nikakuna nazi iliyobaki.

Walifika adhuhuri kwa gari la kukodi. Mzee alikuwa na masikio ya mama, makubwa, yaliyojitenga na kichwa. Nilimtazama nikangoja nihisi kitu, maana huyu alikuwa mjomba wangu. Nilihisi joto na kiu. Duka lenyewe siku hizi ni stoo ya mpunga, na ukutani alama ya maji ya mafuriko bado ipo. Yeye akavua viatu mlangoni, akainama, akagusa kizingiti kwa vidole, kisha akagusa paji la uso wake. Mama akanikamata mkono mpaka nikaumia.

"Baba alikuwa akifanya hivyo hivyo kila asubuhi," akaninong'oneza. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Usimwambie bado. Waache wale kwanza."

Tukawakaribisha uani. Mwenyekiti alikuwepo, na majirani wawili watatu waliokuja eti kuazima kinu. Mama akafunua vyungu mwenyewe. Mzee akarudi nyuma, akajiziba pua kwa leso, kisha akaona haya akaishusha. Binti yake, mwanamke wa makamo, mpole sana, akanieleza taratibu. Kwao hawali kitu kilichowahi kuwa na uhai. Na kwa babu hilo lilikuwa zaidi ya desturi. Alirudi kutoka Afrika amefilisika, watu wakimsema pembeni. Lakini aliapa kwamba miaka yote ile hakutia kinywani samaki wala nyama, na kwa kiapo hicho akarudishiwa heshima yake. Walikitaja hata siku ya kuchoma maiti yake. Wajukuu wanalelewa kwa hadithi hiyo.

Nikamtafsiria mama yote. Akafunika chungu cha kwanza, halafu cha pili.

Mzee akazungumza kwa muda mrefu na binti yake, naye akaniletea kwa Kiingereza. Baba yake anasema yeye alikua bila baba, kwa sababu baba alikuwa huku. Hajawahi kukutana na mtu aliyemwona kwa macho miaka ile. Huyu mama umri wake unaruhusu. Je, anamkumbuka? Na kile kiapo ni cha kweli?

Kila mtu pale uani alijua mama ni nani, isipokuwa wageni wawili. Mama akisema amemjuaje, yatatoka yote pamoja: bibi, nyumba ya uani, kambale. Atampata kaka, na kaka huyo atakuwa mtoto wa mwongo.

"Mwambie ni kweli," mama akasema. "Hakugusa."

"Mama."

"Mwambie."

Nikamwambia. Mzee akafumba macho, akaunganisha viganja kifuani, akamwinamia mama chini kabisa, na machozi yakamtoka bila kujificha. Alipotulia akauliza mama alikuwa nani kwake, hata akajua mambo ya ndani hivyo.

Mwenyekiti akakohoa.

"Mwambie mama yangu alikuwa akimfagilia duka," mama akasema. "Mie nilikuwa nikifuatana naye."

Nilikasirika. Hasira yenyewe ilikuwa ndogo, ya mtu aliyekumbuka kwamba inampasa kukasirika. Neno la Kiingereza la dada nalijua tangu shule ya msingi, lilikuwa pale pale kwenye ulimi, na nilikuwa mtu pekee uani ambaye angeweza kulisema likaeleweka. Nikamwambia mzee kwamba mama wa huyu mama alikuwa akifagia duka. Sikukwama hata mahali pamoja.

Walikunywa maji ya madafu. Kisha wakataka kupiga picha ya kuwapelekea wa nyumbani, na mzee akaenda kusimama mlangoni pa duka. Mama, bila kuitwa, akaenda akasimama ubavuni mwake. Alijitengeneza mtandio. Wakiwa hivyo, masikio yale mawili mawili, sikuona ni nani asingejua.

Binti akainua simu, akaishusha, akanisogelea. Akaniomba kwa adabu sana nimwambie mama asogee kidogo, wanataka baba na mlango tu, ni kwa ajili ya familia.

Nikamwambia. Mama akasogea. Ncha ya kanga yake ikawa bado inaingia kwenye picha. Akasogea tena, akateremka barazani, akasimama kwenye jua, mikono ameikunja.

"Hapa naonekana?" akaniuliza.

Nikamuuliza yule binti. Akatazama simu yake vizuri, akatikisa kichwa.

"Huonekani, mama," nikamwambia.