Mwalimu Aliyenituma Niwe Pua Yake

Mwalimu wetu wa Ngarenaro amefariki. Ujumbe wa mdogo wake ulinifikia asubuhi: presha ilimpanda ghafla, hospitali ikashindwa, na maziko ni siku hiyohiyo baada ya Adhuhuri. Nilikaa kitako. Kisha, naomba msomaji usinihukumu, nikajikuta natabasamu, kwa sababu sauti yake ilikuwa imeshanijia sikioni, ile sauti kubwa yenye lafudhi ya Tanga aliyoirithi kwa baba yake, sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la mwisho. Wanaoifuata safu hii wanajua kwamba kwa kawaida nalalamika: barabara, maji, kelele. Leo sina malalamiko. Nina mtu wa kumsimulia, na nikimsimulia moyo wangu unakwenda mbio kama siku ile nilipomwona kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa kwa fundi wa kuchomelea, hapo hapo Ngarenaro, nilikopeleka komeo la geti langu. Nilimkuta mama mmoja wa makamo, ameketi kwenye kiti cha plastiki, fimbo mbili za kutembelea zimeegemezwa ukutani, anamchorea fundi kitu hewani kwa vidole. Alitaka mkono wa chuma wa kufunga kwenye ukingo wa meza, uinuke, ukunje, uje juu ya meza. Fundi alitazama, akajikuna shingo. “Mama, huu ni wa kuning'iniza birika?” Akajibiwa, “Wa kushika simu, mwanangu. Simu ikae hapa juu, inatazama chini.” Fundi akashangaa zaidi. “Inatazama meza?” “Inatazama mikono yangu! Wanafunzi wangu wako mbali, nataka waione mikono yangu ikifanya kazi.” Mimi nikacheka. Akanigeukia. “Na wewe unacheka nini? Unajua kaboni ina mikono mingapi?” Nikasema sijui. “Minne! Minne, baba! Dunia nzima inayopumua imeshikana kwa mikono hiyo, na wewe hujui!” Alisema hivyo kwa furaha kubwa, kana kwamba kutokujua kwangu ni zawadi niliyomletea.

Alikuwa amefundisha kemia ya kidato cha tano na sita kwa miaka mingi. Maradhi ya nyonga yakamnyima kusimama, akastaafu kabla ya wakati wake, akarudi kuishi na mdogo wake kwenye nyumba ya wazazi wao. Wengi wetu tungeshukuru Mungu kwa mapumziko. Yeye alisema ukuta wa chumba chake haujui kuuliza maswali, na mwalimu asiyeulizwa maswali anaota kutu. Hapo ndipo aliposikia kuhusu shule moja ya wasichana kule Terrat. Mwalimu wao wa kemia alikuwa amehama kumfuata mumewe mkoa mwingine, wa kumrithi hajapatikana, na mada kubwa kuliko zote ilikuwa haijaguswa: kemia ogania, ile ya kaboni na jamaa zake, ambayo wanafunzi huiita oganiki na kuiogopa kama mbwa mkali. Mkuu wa shule alikuwa amekwisha kuamua kuifunga tahasusi yao, yaani mchepuo wa masomo yenye kemia, na kuwahamishia wasichana wale kwenye masomo ya sanaa. Fikiria binti aliyetoka nyumbani akiwaambia watu anakwenda kusomea uuguzi au famasia, halafu anaambiwa achague historia kwa sababu hakuna wa kumfundisha.

Mwalimu akampigia mkuu wa shule. “Nipe muhula mmoja. Nitawafundisha nikiwa kitandani kwangu.” Mkuu alikuwa muungwana lakini mwenye mashaka. Alimwambia, “Muhula mmoja, mwalimu. Mwisho wake nitawaita wazazi waje waone wenyewe. Wakiridhika, tunaendelea. Wasiporidhika, usinilaumu.”

Tulikuwa tumeshazoeana kiasi kwamba nilikuwa napita kwake Jumamosi kunywa kahawa, na hivyo nilimwona akifanya kazi. Watu hudhani kufundisha kwa mtandao ni kubonyeza kitufe, kwa kuwa kila kitu kipo huko. Kweli kipo, na hilo ndilo tatizo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni vyote viwili vinajitembeza, tena vimevaa nguo za aina moja. Mwalimu aliketi kitandani na miwani yake akipekua kimoja baada ya kingine. Kuna somo la video lililotengenezwa vizuri sana, lakini ni refu kiasi cha kumaliza bando la mwanafunzi kabla ya maana kufika. Alilikatakata, akabaki na kipande kimoja chenye uhai. Kuna ukurasa wenye majaribio ya kuigiza, mazuri ajabu, ambao kwenye simu ndogo unafunguka nusu; aliuacha bila huruma. “Kisichofunguka kwenye simu ya mama yao,” aliniambia, “hicho si nyenzo, mwandishi, hicho ni pambo.” Alichokipata na kukipenda kuliko vyote ni ukurasa wa bure unaoonyesha molekuli ambayo unaweza kuigeuza kwa kidole. Siku alipouona aliniita kwa simu, akafoka kwa furaha nisielewe neno. Miaka yote alikuwa akichora ubaoni vitu vilivyolala kama chapati, na wanafunzi wakaamini vimelala kweli. Sasa vimesimama, vinazunguka! Na pale molekuli mbili zilipofanana kila kitu, kama mtu na sura yake kwenye kioo, lakini zikakataa kulaliana, hakuhangaika na maneno makubwa. Aliweka kandambili zake mbili mezani, chini ya ule mkono wa chuma, akawaambia wasichana wajaribu kuvaa ya kushoto mguu wa kulia. Kicheko kilichotoka Terrat kupitia simu ile nilikisikia mimi niliyekaa mlangoni. Alieleza kwa Kiswahili mpaka wazo liingie, ndipo akawapa jina la Kiingereza watakalokutana nalo kwenye mtihani.

Muhula ukafika ukingoni. Wiki ya mkutano wa wazazi alinipa kazi mbili. Ya kwanza, nimtafutie kichupa cha aina fulani ya spiriti ambayo vituo vya kukusanyia maziwa huko miteremkoni mwa Meru huitumia kupima mafuta ya maziwa. Ninaye jamaa katika kituo kimoja, nikaipata. Ya pili ilinishinda kuielewa. “Nenda Terrat siku hiyo,” aliniambia. “Mtandao utanifikishia sura zao na sauti zao. Kuna kitu kimoja hautanifikishia. Nenda ukawe pua yangu.”

Nikaenda. Darasa lilijaa wazazi: akina baba waliotoka kwa mifugo na mashuka yao mabegani, akina mama wenye vitenge, wengine wametoka upande wa mlima. Parokia jirani ilikuwa imeiazima shule projekta, na ukutani, mkubwa kuliko sisi sote, alikuwa mwalimu na mtandio wake wa kijani. Baba mmoja akasimama. “Mwalimu, shikamoo.” “Marahaba, baba.” “Sisi hatukatai shule. Ila nauliza, mwalimu aliye ukutani, mtoto akisinzia atamwona?” Mwalimu akaisogelea simu yake mpaka miwani ikajaa ukuta. “Baba, yule binti wa dirishani anayetafuna ubuyu, ni wa nani?” Darasa zima likageuka. Binti akameza kwa shida. Yule baba akacheka mpaka akakaa.

Jaribio lilifanywa na binti mmoja wa familia ya wafugaji, mwembamba, ana sauti ndogo, huku mwalimu wa baiolojia akisimama karibu kwa ajili ya usalama. Alieleza kila hatua kwa wazazi wake na wa wenzake: hii ni spiriti ile inayopima maziwa yenu, hii ni asidi ya siki, ila kali, haya ni matone machache ya asidi nyingine ya kuharakisha kazi. Akavichanganya kwenye neli ya kioo, akaizamisha kwenye maji ya moto. Tukangoja. Na hapo, kama ilivyo desturi ya mtandao wetu, picha ya mwalimu ikaganda ukutani mdomo wazi. Mkuu wa shule akatazama saa yake. Yule binti akatazama ukuta, akatazama neli, akavuta pumzi, akaendelea. Akamimina kile alichokipika kwenye bilauri ya maji yenye magadi. Povu likapanda, likashuka. Wasichana walikuwa wameapa kutowaambia wazazi kitakachotokea. Kisha mama mmoja wa nyuma, anayelima migomba upande wa Meru, akainua pua na kusema kwa ukali, “Nani ameingia na ndizi mbivu humu ndani?”

Msomaji, sijui nikueleze vipi. Watu walisimama, wakanusa, wakaangalia chini ya madawati. Hapakuwa na ndizi. Palikuwa na ile bilauri tu, spiriti na siki vimeungana kuwa kitu kilekile kinachonukia kwenye ndizi mbivu, na darasa zima linanukia ndizi! Kumbe sauti ilikuwa haijakatika, ni picha tu iliyokwama. Kutoka ukutani, kwenye ile sura iliyoganda, ikatoka sauti ya mwalimu inayopasua masikio: “Nimesikia! Mama, rudia! Ndizi gani?” Yule mama, bila kujua aongee na upande gani, akajibu, “Ndizi sukari, mwalimu. Ila zimepitiliza kidogo.” “Allahu Akbar!” ikasema sauti. “Hizo hizo!” Wasichana wakarukaruka wamekumbatiana. Nami, mtu mzima niliyekuja kuwa pua, nikawa macho yanayovuja. Mkuu wa shule hakuwauliza wazazi lolote. Alimwendea yule binti, akainama kwenye bilauri, akanusa, akasema, “Haya. Tahasusi inabaki.”

Jumamosi iliyofuata wasichana waliomba ruhusa, wakaja Ngarenaro wakiwa na mwalimu wao wa baiolojia. Walikuwa hawajawahi kumwona ana kwa ana. Walijaa mlangoni, wakasema shikamoo kwa pamoja, halafu mmoja akaropoka, “Mwalimu, kumbe mfupi!” Alicheka mpaka akashika nyonga. Binti mwembamba akatoa kichupa kidogo kilichofungwa kwenye leso. Mwalimu akakifungua, akakileta puani, akafumba macho. Tukangoja sifa. “Bado kuna siki,” akasema. “Mngekiosha tena kwa magadi.” Kisha akanusa mara ya pili. Alimshika yule binti mkono na kuendelea kuushika.

Baada ya hapo kazi ilipanuka. Shule nyingine zikaomba, na vipande vyake vifupi vya masomo vikapita simu kwa simu mpaka Sombetini, ambako niliwahi kumsikia dereva wa bodaboda, anayejisomea arudie mtihani, akiusikiliza mkono wa nne wa kaboni huku akingoja abiria. Shule ya Terrat ilipata mwalimu wa kuajiriwa. Mwalimu wetu alimkabidhi kila kitu, akahamia kwenye darasa jingine lisilo na mwalimu. Wapo wanaobishana kama mashine zitachukua nafasi ya walimu. Mimi nimeona mashine zikimrudishia mwalimu nafasi yake alipokuwa hawezi hata kuvuka barabara. Na nimeona pia kwamba utajiri wote ule wa mtandaoni ungebaki umelala, kama asingekaa mtu mmoja na kuupembua, akijua majina ya wale anaowapembulia.

Maziko yalikuwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Yule binti alikuja. Sasa yuko chuo, anasomea famasia. Nilimkuta nje ya nyumba pamoja na wanawake, macho mekundu, simu mkononi. Nikampa pole. “Asante, anko,” akasema, kisha akanionyesha simu. “Kesho mwalimu alikuwa na kipindi na kidato cha tano cha shule mbili. Nimeshawaandikia.” Nikamuuliza ameahirisha mpaka lini. Akanitazama kama vile mwalimu alivyonitazama kwa fundi. “Kuahirisha? Nitafundisha mimi.”

Alifundisha. Nilijiunga nikasikiliza, na ile sauti ndogo ilikuwa imekua. Somo ninalolichukua mimi kwa mwalimu ni hili, na nalisema kwa furaha: unachokijua si chako mpaka umpe mtu mwingine, na njia za kumpa leo ni nyingi kuliko visingizio. Kuna darasa mahali fulani limekaa, linatazama mlango. Lipigie simu.