Saini Ambayo Furaha Alininyima

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa pikipiki. Nilipewa ndoo ya mafuta ya taa na brashi, nikaonyeshwa rundo la minyororo yenye matope, nikaambiwa nisafishe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Butembo kwa lori la baba mdogo, na garaji ile ya Murara, mjini Goma, ilikuwa ndiyo ya kwanza kunikubali. Mkubwa wake tulimwita Shefu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakuwa na desturi ya kurudia neno.

Saa nne Shefu alimiminiwa chai, akaniita.

“Peleka hii moto ya mwalimu mpaka Keshero. Sikiliza kama moteri inakohoa. Kisha urudi.”

Nilikwenda na pikipiki ile, nikarudi. Shefu alikitazama kikombe chake.

“Nilikutuma Keshero.”

“Nimefika, Shefu.”

“Chai yangu haijapoa. Moteri inakohoa ao haikohoi?”

Sikujua. Nilikuwa nimesikia upepo tu. Wiki mbili nzima hakuniruhusu kugusa pikipiki ya mteja, nikawa mtu wa minyororo na brashi. Wiki ya tatu akanivisha koti lake mwenyewe, akanipeleka kwa Prezida wa klabu ya mashindano, akamwambia: “Huyu anaharibu moto za batu. Mupe moja ya kuharibu vizuri.”

Ninyi vijana mkisikia mashindano ya pikipiki mnafikiri matope na kuruka vilima. Yetu yalikuwa ya lami. Siku ya mashindano barabara ya kuelekea Keshero ilifungwa, tukazunguka mitaa ile ile mara ishirini, kona kwa kona, huku watu wamejaa kwenye kuta za mawe meusi. Lami ya Goma ina adui wake, mchanga wa volkano. Mvua inaushusha, magari yanautawanya, na tairi likiukanyaga wakati umeilaza pikipiki kwenye kona, ni kama umekanyaga maharagwe makavu. Kwa hiyo asubuhi na mapema klabu iliwaita akina mama wenye mifagio, wakafagia kila kona, na hakuna mkimbiaji aliyepita mbele yao bila kuwasalimia.

Prezida alikuwa mkimbiaji wa zamani aliyenenepa. Alinifundisha jambo moja kwa miaka miwili. “Kila mutu anajua kufungua gesi,” alisema. “Mimi natafuta mwenye kufunga freni nyuma ya wote, na bado kona anaipita.” Freni, yaani breki, ya mbele hukamatwa kwa mkono wa kulia, kwa vidole viwili au vitatu. Ukiikamata mapema, wenzako wanakupita. Ukichelewa, unakwenda moja kwa moja ukutani. Kati ya hapo na hapo pana nafasi ndogo sana, na mimi niliishi ndani ya nafasi hiyo miaka kumi na moja. Nilikuwa bingwa wa Kivu mara tatu.

Tulikimbia pia ng’ambo. Mara ya kwanza kuvuka mpaka wa Bunagana kuingia Uganda, pikipiki yangu ilikuwa juu ya lori, kati ya magunia ya viazi. Mkubwa wa duane, yaani forodha, aliizunguka mara mbili.

“Haina taa. Haina namba. Haina hata mahali pa kubeba mutu. Hii ni moto ya kazi gani?”

“Ya mashindano, muzee.”

“Basi ukirudi bila kombe, nitaiandika kama chuma chakavu.”

Nilirudi na kombe. Akalishika, akawaita wenzake wote watoke ofisini walitazame, na foleni ya malori ikangoja.

Miaka mingine hatukukimbia kabisa. Barabara zilikuwa na kazi nyingine. Tuliifunika pikipiki kwa turubai na kungoja, na amani ikirudi kidogo tulianza tena na wale waliobaki.

Shefu alipozeeka, pikipiki yangu ilipata fundi mpya. Alikuwa msichana wa Rutshuru, jina lake Furaha, aliyejifunza kwa Shefu mwenyewe. Sitaficha kwamba nililalamika. Nilimwambia Prezida kwamba bingwa hatengenezewi moto na mtoto mwanamke. Baada ya mashindano mawili nilinyamaza. Furaha alisikiliza moteri kama daktari anavyosikiliza kifua, na aliandika katika daftari kila kitu nilichomwomba abadilishe, hata nilichodhani ni kidogo.

Mwaka wa ubingwa wangu wa tatu nilianguka Uganda. Kiganja cha kulia kilivunjika karibu na kifundo cha mkono. Nilifungwa plasta, ikatolewa, daktari akasema mfupa umeunga. Ni kweli, uliunga. Ila vidole viwili vilibaki na ganzi, kama nimevilalia. Sikumwambia mtu. Mke wangu nilimwambia mkono uko sawa kabisa, nikawa nabeba maji kwa mkono wa kushoto akiwa hanitazami.

Msimu mpya ulipoanza nilimwomba Furaha asogeze kishikio cha freni karibu na vidole. Akasogeza. Wiki iliyofuata nikamwomba tena. Kisha nikamwomba alegeze, freni ishike kwa nguvu kidogo tu ya vidole. Akalegeza, akaandika.

Siku ya mashindano ya mwisho nilikuwa naongoza kwa pointi. Nilihitaji kumaliza wa tatu tu ili niwe bingwa mara ya nne, jambo ambalo hakuna mtu wa Goma aliyekuwa amelifanya. Kabla ya kuondoka kulikuwa na karatasi moja, tuliita fishi ya kontroli. Fundi na mkimbiaji walipaswa kuisaini kwamba pikipiki na mwendeshaji wako tayari. Mimi nilisaini. Furaha aliiweka kalamu mezani.

“Saini basi,” nikamwambia. “Batu banangoja.”

“Moto iko tayari,” akasema. “Weye hauko tayari.”

Prezida alikuja mbio. Mkurugenzi wa mashindano, mtu wa kutoka Bukavu asiyenijua vizuri, akauliza kuna shida gani. Furaha akamfungulia daftari lake.

“Kila wiki ananiomba nimusogezee freni. Kila wiki ananiomba nilegeze. Sasa imefika mwisho, hakuna tena pa kulegeza. Mukono wake haufungi, Papa. Na pale kona ya Keshero kuna batoto wamekaa juu ya ukuta.”

“Ni uongo!” nilipiga kelele. Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Machozi yalimtoka, lakini kalamu hakuigusa.

“Bila saini ya fundi, haondoki,” mkurugenzi akasema, akaenda zake.

Nilivua kaske, helmeti yangu, nikakaa nyuma ya gari la klabu, nikasikia wenzangu wakiondoka. Ubingwa ulikwenda kwa kijana wa Bukavu. Prezida alimfukuza Furaha klabu jioni ile ile, na mimi sikufungua mdomo kumtetea.

Jumapili iliyofuata, kulipopambazuka, nilikwenda peke yangu na pikipiki kwenye barabara yetu. Watu walikuwa bado hawajatoka kwenda misa. Nilitaka kujithibitishia, kisha niende nikamwaibishe mbele ya wote. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili vizuri zaidi. Katika wa tatu niliingia kona ya Keshero kwa mwendo wa mashindano, nikangoja mpaka pale pa mwisho, nikaviita vidole vyangu. Havikuja. Viligusa kishikio, vikateleza.

Nilivuka barabara moja kwa moja mpaka ukutani. Nilivunjika mfupa wa bega na mbavu mbili. Pikipiki ilipanda ukuta, ikaangukia upande wa pili.

Nilikaa pale chini, nikautazama ukuta ule. Juu yake ndipo watoto walikaa siku ya mashindano, miguu ikining’inia. Wiki moja kabla, dakika chache baada ya kumtukana Furaha, ningepita pale mara ishirini.

Ilinichukua miezi minne kwenda kumwona. Nilimkuta katika garaji ya Murara. Shefu alikuwa amemwachia yeye.

“Karibu, champion,” alisema, bila kunitazama.

“Nilipanda ukuta,” nikasema. “Pale pale uliposema.”

“Nilisikia.”

“Nimekuja kuomba msamaha. Na kazi, kama iko.”

Alipangusa mikono yake kwa muda mrefu. Kisha akanionyesha minyororo. Tangu siku hiyo mimi nilimwita Shefu, naye hakuwahi kunikataza.

Klabu ilipopata Prezida mwingine, nilimweleza yote mbele ya kamati. Furaha aliombwa arudi. Alikataa, akasema garaji inamtosha. Mimi nilifanywa komiseri wa ufundi, yule anayekagua pikipiki na watu kabla ya kuondoka. Niliongeza jambo moja tu. Kila mkimbiaji aliufinya mkono wangu wa kushoto kwa mkono wake wa kulia, huku nikimtazama machoni. Walicheka, wakauita salamu ya muzee. Nilifanya kazi hiyo mpaka magoti yalipokataa kusimama juani, nikaaga.

Mkiniuliza leo najivunia nini, makombe matatu yako kabatini, mke wangu huyapangusa vumbi. Lakini nafikiria zaidi wale niliowarudisha nyumbani. Walikuwa sita. Mmoja wao alikuwa bora kuliko mimi nilivyokuwa, na nilimzuia siku ambayo familia yake yote ilikuja kutoka Sake kumtazama. Aliacha mashindano mwaka ule. Anaishi karibu, ana watoto wanne, na tukikutana sokoni anavuka njia asinisalimie. Mke wangu hukasirika kwa niaba yangu. Mimi husimama kidogo nikamtazama akiondoka, mtoto mmoja begani, mwingine mkononi, anatembea vizuri kabisa.

Anaweza kunichukia muda wote anaotaka.