Unywele kwenye kasha la kamera

Naandika haraka, makosa mutanisamehe.

Leo nilikuwa ziwani, maji kifuani, napiga video ya samaki kwa kamera ya bosi. Inakaa ndani ya kasha la plastiki. Kinachozuia maji ni kampira keusi tu, kanazunguka mlango. Asubuhi nilikatoa, nikakafuta, nikakapaka grisi, pale mezani kwetu Bwiza. Dada yangu Aline alikuwa anasukwa pembeni.

Sasa niko pale majini, mara naona tone la maji.

NDANI ya kasha.

Jamani, kamera ya mutu! Nikakimbia hadi mchangani, hata nyuma sikuangalia.

Nafungua: unywele mmoja mwekundu wa rasta umelala juu ya kampira. Wa Aline!

Nikamupigia palepale. "We Aline, umeniua! Nywele zako zimeingiza maji!"

"Mi? Nani alikutuma kutengenezea kamera penye watu wanasukana?" Akakata.

Bahati nzuri kamera ni nzima. Nimefika nyumbani, nikatazama video.

Mwishoni kabisa, wakati nageuka kukimbia, kamera bado inapiga mkononi. Maji ni matope matupu. Halafu inatokea miguu.

Minene. Inatembea chini ya ziwa, polepole, inakuja pale pale nilipokuwa nimesimama.

Kiboko.

Nimeirudia tena na tena.

Aline amenuna, amejifungia chumbani. Mi nimesimama mlangoni kwake na hii video mkononi.

Nyie mungeanza kumwambia nini?