Chura wa Kwenye Pipa

Nimerudi Likasi na diploma yangu, nikajenga kwa jasho langu nyumba yenye bomba hadi chumba cha wageni. Hata hivyo, harufu ya chuma kilicholowa hunirudisha kwenye pipa letu la maji la utotoni.

Mabomba ya kambi ya wafanyakazi yalikuwa yamekauka, tukachota maji ya kijito upande wa chini wa kiwanda kilichomwaga taka zake humo. Hapo nilimwokoa chura aliyekuwa akipigwa mawe na watoto. Mama akamtia pipani. "Huyu akikufa, hatutakunywa ile mayi."

Kila asubuhi mimi ndiye niliyefunua pipa kutazama kama yu hai. Chura alikonda, akawa anakwaruza chuma gizani. Niliogopa kumwacha afie humo, nikaogopa zaidi kumtoa, kwa sababu wadogo zangu walikunywa maji hayo. Mwishowe nilimpeleka kwenye majani ya bwawa, mbali upande wa juu wa kiwanda, nikamwachia.

"Sasa nani atatuonjea mayi?" mama aliuliza.

"Njo miye, mama."

Nikachota kikombe. Kilipofika mdomoni mama alinipokonya, akanywa yote, akaketi mlangoni. Wadogo zangu wakaomba maji.

"Mungoje," akasema. Tukakaa tukimtazama usoni.