Wageni wa Shangazi

Nilipopanga chumba mjini, mtaa wa Nsemulwa, watoto wa mtaa waliniita mke wa korongo. Sikuwakasirikia sana, maana hata watu wazima waliniuliza kama kweli serikali inamlipa mtu kuhesabu ndege. Inamlipa, nikawajibu, tena kwa kuchelewa. Nilikuwa ofisi ya wanyamapori. Kiangazi nilikwenda mbugani na darubini, mto Katuma unapobaki tope na viboko wamelaliana, nikahesabu ndege waliobaki. Mvua zikianza niliwasubiri wanaotoka mbali: korongo weupe, wenye mdomo mwekundu na mabawa yenye ncha nyeusi, wanaokimbia baridi ya Ulaya na kuja kula kwetu.

Lakini korongo sikufundishwa na ofisi. Nilifundishwa na shangazi, dada yake baba, aliyenilea kijijini Mwamkulu baada ya mama kufariki. Kwake kulikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: korongo wakishuka shambani, jembe linawekwa chini. Hakuna kupita, hakuna kelele, hata mbwa anafungwa, mpaka washibe na kuondoka wenyewe. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, na hakuwa anatania. Korongo walikuja kula viwavijeshi, na viwavijeshi wakiachwa wanamaliza shamba la mahindi kama ng'ombe walioingia bila mchungaji.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, viwavijeshi walikuja mahindi yakiwa magotini. Ukisimama pembeni uliwasikia wakitafuna. Ghala la shangazi lilikuwa limebaki vumbi, na yale mahindi ndiyo yaliyokuwa chakula chake cha mwaka mzima, yeye na wajukuu wawili. Nilikuwa nimefika na baiskeli kumletea chumvi na kuangalia kama korongo wamekuja. Asubuhi ya pili wakashuka. Jamani, nilifurahi! Shamba zima lilikuwa jeupe. Shangazi alifunga mbwa, akaketi mlangoni, mikono mapajani, akitabasamu peke yake.

Jirani yetu hakuwa na subira. Alikuwa mtu mwema, wa kwanza kufika kwenye misiba, mwenye watoto wengi na mahindi yanayoliwa kama yetu. Alikuwa amepata dawa ya kuua wadudu, na bomba la kupulizia lilikuwa la kuazima. Nikamfuata mpakani, nikamwomba asubiri kidogo tu, ndege wamalize kazi.

"Dada," akaniambia, "korongo wako wakishiba wanarudi kwao Ulaya. Mimi kwetu ni hapa hapa."

Nilimtukana. Nilimwita mpumbavu mbele ya watoto wake, na hata leo ukiniuliza nitasema alikuwa mpumbavu, ila mpumbavu mwenye njaa. Alivaa bomba mgongoni, akapuliza mpaka jua likazama.

Kesho yake korongo walianzia kwake, kwa kuwa kiwavi aliyepata dawa hajifichi. Viwavi walikuwa wamezagaa chini, wakijinyonganyonga. Korongo wakawala, kisha wakavuka kuja kwetu. Wa kwanza miguu ilimkunjikia. Akajaribu kuruka, bawa moja likagoma. Halafu wakaanza kuanguka huku na huku katikati ya mahindi, mate yakiwatoka mdomoni. Mchana waliobaki hai waliruka kuelekea mbugani, na sijui ni wangapi walifika.

Nikafikiri yamekwisha. Wapi! Watu walikuja na vikapu. Ilikuwa miezi ya njaa, na nyama ilikuwa imelala shambani bila mwenyewe. Nikapiga kelele kwamba ndege wamekula sumu. "Tutatoa utumbo," mama mmoja akanijibu bila hata kusimama. Aliyewazuia ni shangazi. Aliingia shambani na jembe, akasimama katikati ya ndege wake.

"Nyie! Atakayegusa hapa nitamkata mguu!"

Walimjua, wakarudi nyuma, ingawa wengine walishajaza vikapu. Nyumba mbili zilitapika usiku ule. Hakufa mtu, Mungu mkubwa. Sisi tulichimba shimo refu pembeni ya shamba, tukawazika. Shangazi aliwashika shingo taratibu, akawalaza mmoja mmoja kama anavyolaza wajukuu, na mimi nililia mpaka nikaona haya.

Shamba la jirani lilipona. La shangazi liliisha, maana viwavi wake hawakuwa wamepuliziwa na hakukuwa tena na wa kuwala. Yakabaki mabua. Jirani alipovuna alimletea debe la mahindi, ameinamisha kichwa. Shangazi akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akapika. Angefanya nini? Alikonda mwaka ule mpaka kitenge kikawa kinamvuka. Nilimwomba aje mjini tuishi wote, akasema shamba halihami.

Msimu uliofuata mvua zilikuja na viwavijeshi wakarudi. Nilipanda baiskeli kwenda Mwamkulu, na kabla sijafika nikasikia kelele za bati. Jirani alikuwa ameshapuliza kwake tangu jana. Korongo walikuwa juu, wanazunguka, wanataka kushuka. Na chini yao shangazi, yule ambaye hakuruhusu hata mtoto akohoe wageni wakila, alikuwa anakimbia katikati ya mahindi yake yanayotafunwa, akilipiga lile debe la jirani kwa mwiko.

"Nendeni! Nendeni kwingine! Hapa hakuna chakula!"

Sauti ilikuwa imemkauka. Jirani alisimama mpakani na bomba tupu mgongoni.

"Shangazi, wakiondoka hawa shamba lako linaisha," nikamwambia.

"Najua. Chukua sufuria."

Nikaegesha baiskeli, nikachukua sufuria. Tulipiga mpaka wa mwisho alipopotea machoni, kisha tukainama, tukaanza kuokota viwavi kwa mikono.